Matanga ya Mkiwa

Jumatano, 2 Septemba 1953. Korogwe.

Nimefuta vioo vya taa. Nimechota maji. Hesabu zimebaki mbili, zote za sehemu. Shangazi amepika samaki wa nazi, na kama kawaida Mzee Mihambo ameisikia harufu huko kambi ya mkonge.

Huyu mzee ni Mnyamwezi. Amekata mkonge tangu Baba hajaoa. Sasa amechoka na amepewa kazi ya kulinda bohari ya nyuzi. Sisi ni Wazigua, kwa hiyo ni mtani wetu. Hapigi hodi. Leo amefunua chungu, amechukua kichwa cha samaki, kisha amekaa kwenye mkeka mpya wa Shangazi na viatu vyake vya vumbi. Shangazi amemwita mwizi. Yeye amesema angemwoa Shangazi zamani, ila aliogopa kufa njaa. Wamecheka mpaka Shangazi amekohoa.

Kisha amenigeukia mimi. Ni kila siku, na swali humwuliza Shangazi.

"Mwanaidi, huyu mtoto mlimzika lini? Mbona hajibu?"

Mtani akikuchokoza unatakiwa kumrudishia. Umri hauhesabiwi, shikamoo inawekwa kando. Usipomjibu umemnyima haki yake. Najua yote hayo. Nimeinamia daftari. Jibu zuri nimelipata baadaye, nikiosha vyombo peke yangu.

Ijumaa, 4 Septemba

Mwalimu Elia ameniita ofisini. Nilidhani nimekosa. Kumbe ni ile insha ya hadithi za nyumbani. Amekuja Bwana Garton kutoka Dar es Salaam, anatafuta hadithi ya ajabu ya huku ya kufanyia sinema. Mwalimu Elia alimtafsiria insha tatu. Amechagua yangu.

Mwalimu aliniuliza kama nimefurahi, nikaitikia kwa kichwa. Nimefurahi sana. Naandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu.

Hadithi yenyewe ni ya Bibi wa Misima, mama yake Mama. Mwaka wa ukame Dude limekunywa bwawa lote na kulala kwenye tope. Mkiwa, msichana asiye na wazazi, anakwenda kuliomba maji. Linammeza. Nyumbani wanamwekea matanga bila maiti, wanalia, wanamaliza. Kumbe tumboni Mkiwa amekuta watu na ng'ombe wa miaka yote, wamekaa gizani wamezoea. Anawasihi mpaka wanakubali kutoka, na maji yanatoka pamoja nao. Lakini akifika kijijini kila mtu anamkimbia. Matanga yake yamekwisha, basi huyu ni mzimu. Anayemsogelea ni mtani wake peke yake, anamwuliza, "Hata kufa kumekushinda?" Mzimu haucheki wala haujibu utani. Mkiwa akijibu, yu hai. Anajibu, watu wanacheka, ndipo anapoingia nyumbani.

Alijibu nini? Bibi husema jibu jipya kila mara. Katika insha niliandika tu kwamba alijibu vizuri.

Jumatatu, 7 Septemba

Mwalimu Elia amemwondoa mtani. Nimeiona karatasi ya Kiingereza iliyopigwa mashine: Mkiwa anarudi, wanakijiji wanamkumbatia, mwisho. Nilisimama pale na karatasi mkononi mpaka akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Basi yeye mwenyewe akaeleza. Anasema Wazungu wakituona tunatukanana msibani watatuhesabu washenzi. Anasema aliwahi kuwaona wakicheka, alipokuwa chuoni, na hawakuwa wakicheka pamoja nasi.

Si mtu mbaya. Nimemwelewa. Lakini sasa hadithi ina shimo mahali pale pale inapotakiwa kusimama.

Jumamosi, 12 Septemba

Leo wamechagua wachezaji, uwanjani mwa shule. Wasichana tulipangwa mstari. Bwana Garton ni mrefu, pua imebabuka kwa jua, anatazama watu kupitia dirisha la vidole vyake. Alitutaka tutembee, tutazame mbali, tulie. Wengi walicheka tu. Nilipofika mimi nilitazama chini. Alimwambia Mwalimu maneno mawili, nikapita.

Mkiwa atakuwa Rehema, binti wa mwenye mgahawa pale stesheni. Ni mrefu, ana shingo nzuri, na analia machozi ya kweli akiambiwa. Katika hadithi Mkiwa ni mfupi, na sauti yake haifiki mbali. Nilitaka niwe mimi. Usiku kucha nilijifanya sitaki, na leo nimejua kwamba nilitaka.

Kazi yangu ni kushika karatasi na kumkumbusha Rehema maneno.

Alhamisi, 17 Septemba. Misima.

Shule imefungwa. Tumekuja kwa lori, sisi, masanduku ya Bwana, na watu wa kambi ya mkonge walioajiriwa kuwa ndani ya Dude. Mzee Mihambo amekuja pia, kama mkubwa wao. Njia nzima kutoka Korogwe mpaka Handeni alikuwa anawaomba Wazigua wa kwenye lori radhi kwa kuwapeleka kwao, mahali ambapo hata mbuzi hubeba maji yake.

Ninalala kwa Bibi. Bwawa la Misima limekauka kabisa, tope limepasuka vipande kama mkate wa zamani. Bwana Garton alipoliona alishika kofia kwa mikono miwili. Hapo ndipo watakapopigia picha.

Bibi ameuliza nani atakuwa mtani. Nimemwambia hayumo. Alikuwa anapepeta mahindi. Ameendelea kupepeta.

Jumamosi, 19 Septemba

Ugomvi wa nguo. Bwana amekuja na ngozi za mbuzi ili watu wavae. Kina mama wamezishika kwa ncha za vidole. Wamesema wazee wao walivaa nguo, na hata kama hawakuvaa, wao hawatapigwa picha wakinuka beberu. Mwalimu Elia alitafsiri kwa upole kuliko ilivyosemwa. Mwishowe wamekubaliana kaniki. Ngozi zimebaki kwenye lori. Mzee Mihambo amejifunika moja na kutembea nyuma ya kina mama akilia mee.

Jumanne, 22 Septemba

Dude limekamilika. Fremu ya mianzi, juu yake magunia, juu ya magunia nyuzi za mkonge zilizopakwa tope. Watu kumi na wawili wanaingia chini na kutembea pamoja. Kwa mbali linatisha. Watoto wa Misima walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena kwa raha.

Asubuhi walianza kupiga picha. Dude lilitoka kwenye tope, likainua kichwa, Rehema akapiga magoti. Kimya. Nilisikia ile mashine inavyonguruma kama cherehani. Mara Dude likaanza kutetemeka. Likapiga kelele kwa Kinyamwezi. Likagawanyika, kila mguu ukakimbia upande wake. Magunia yalinunuliwa dukani Handeni na yalikuwa ya sukari. Sisimizi walikuwa wameyapata usiku.

Bwana Garton alikaa chini kwenye tope. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Leo nimempenda kidogo.

Rehema alibaki amepiga magoti muda wote ule, akingoja aambiwe ainuke. Anacheza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningepumua.

Ijumaa, 25 Septemba

Limemeza. Walimwingiza Rehema mdomoni mwa Dude, na nilisahau kwamba ni magunia.

Jioni Bwana ameeleza picha ya matanga. Hataki matanga bila maiti. Anasema sinema haiwezi kuonyesha mtu asiyekuwepo, lazima watazamaji waone wanamlilia nani. Kwa hiyo Mkiwa ataokotwa kando ya bwawa, atalazwa kitandani, atafunikwa shuka nyeupe, uso wazi. Baadaye atapelekwa bwawani, na ataamka huko.

Mama yake Rehema yuko hapa, amekuja kumtunza mwanawe. Nilimwona anavyosikiliza. Kumlilia mtu aliye hai ni kumchulia kifo. Kila mtu hapa anajua hivyo. Aliuliza watani watakuwepo? Mwalimu Elia alisema watu wote watakuwepo. Akakubali kwa shingo upande.

Jumatatu, 28 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Kitanda cha kamba kiliwekwa uani kwa Bibi. Rehema alilala, shuka ikavutwa mpaka kidevuni. Kina mama wa Misima walikaa chini na kuanza kulia. Kilio kilikuwa cha kweli. Ukishaanza, kila mtu ana wake wa kumlilia.

Mzee Mihambo na wenzake walikuwa wamepangwa wasimame nyuma, wanyamaze. Lakini walisikia kilio cha Wazigua. Wangefanyaje? Alipita katikati ya kina mama, akamsukuma Rehema kwa nyonga na kujilaza kando yake. "Sogea. Na mimi nimechoka, na nyinyi mna kitanda kimoja kijiji kizima."

Shuka ilianza kutikisika. Maiti alikuwa anacheka.

Bwana alisimamisha mashine. Wakaanza upya. Mara ya pili walikuja wawili, mmoja akaidai shuka kwamba ni yake, aliiazima marehemu. Bwana hakucheka tena. Alisema mkanda unaharibika. Mwalimu Elia alikuwa mwekundu wa macho. Aliwafokea wale wazee mbele ya watoto, akawapakia kwenye lori warudi Korogwe. Mzee Mihambo hakubisha. Alipanda, akakaa, akatazama upande mwingine. Sijawahi kumwona amenyamaza.

Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa. Kina mama walilia, hakuna aliyewakatiza. Ilikuwa kimya sana baada ya kilio. Bwana alisema vizuri.

Hakukuwa na kitu kizuri. Nilikuwa karibu, nikawaona kina mama wanavyotazamana. Wamemlilia mtoto wa watu mpaka mwisho na hakuna mtani aliyekikatiza kilio.

Jumatano, 30 Septemba

Rehema ana homa. Ni malaria tu, daktari msaidizi wa Handeni amempa dawa, na ameshaanza kunywa uji. Lakini mama yake amefunga mizigo. Hakugombana na mtu. Alimwambia Mwalimu Elia kwamba mkono ulioanzisha jambo hili na ulimalize wenyewe, kisha akapanda basi na binti yake.

Nimefurahi. Naona haya kuandika hivyo lakini ni kweli, kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha nilikumbuka alivyobaki amepiga magoti kwenye tope.

Ijumaa, 2 Oktoba

Mwalimu Elia amezunguka Misima yote na nusu ya mji wa Handeni. Kila mama amemkaribisha, amempa maji, amemkatalia. Bwana anataka kufunga kazi. Picha za Dude zipo, za Mkiwa kwa mbali zipo. Zimebaki za karibu za matanga, na za kurudi. Bila hizo hakuna sinema.

Jioni Mwalimu alinikuta kisimani. Akaniangalia kama mtu anayetafuta kitu kilichokuwa mfukoni mwake muda wote. Ameniuliza kama naweza.

Nikasema naweza. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka.

Najua kwa nini amenikumbuka mimi. Sina mama wa kukataa.

Jumamosi, 3 Oktoba

Bibi amekataa. Sikutegemea. Alisema neno moja, akaenda kufungia kuku.

Baadaye, tukichambua kunde, akaeleza bila kuniangalia. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa masika, mto umejaa, njia ya Korogwe imekatika. Watani hawakufika. Walilia siku zote za matanga bila mtu wa kuwakatiza, kisha watu wakaondoka mmoja mmoja. "Sijui mpaka leo kama tulimaliza," amesema.

Nilidhani Bibi hamtaji Mama kwa sababu amesahau kidogo.

Kisha amesema mengine. Kama wanataka mjukuu wake alale pale, wamrudishe Mnyamwezi. Alikaa na njaa yake njiani siku mbili wakati ule, upande wa pili wa maji, akingoja mto upungue. Alirudi kambini hajafanya kazi yake.

Kumbe alikuwa yeye. Mzee Mihambo. Na kila siku anakuja kwa Shangazi kuniuliza kama niko hai.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimemwambia Mwalimu Elia sharti la Bibi. Alikataa kulitafsiri. Alisema ameshamweleza Bwana kwamba wale wazee walikuwa wamelewa. Hapo nikajua kwamba ana hofu, mtu mzima, mwalimu, na hofu yake ni kama yangu.

Nilikwenda mwenyewe. Hema la Bwana liko chini ya mkwaju. Alikuwa anaandika. Nilisimama muda mrefu mpaka akainua kichwa. Kiingereza changu ni cha vitabuni, sijawahi kukitumia kwa mtu anayekijua. Nilieleza kwamba mzee hakuwa amelewa. Kwamba kule kucheka ni kazi aliyopewa, na asipoifanya yeye hakuna mwingine. Nilikosea nyakati zote za vitenzi, nilijisikia ninavyokosea. Mwisho nikasema, "Bila yule mzee, Mkiwa bado amekufa."

Alinitazama kupitia vidole. Akaniuliza kama ndivyo ilivyo katika hadithi. Nikasema ndivyo nilivyoiandika. Akaniuliza tena, nani aliiandika? Hakuwa anajua. Wiki zote hizi alidhani mimi ni mshika karatasi.

Lori limetumwa Korogwe. Sijui kama alielewa. Pengine hana tu msichana mwingine. Kwangu ni sawa.

Mwalimu Elia alikuwa amesimama nje ya hema. Alisikia yote. Amesema Kiingereza changu kinahitaji kazi, kisha akanibebea ndoo mpaka kwa Bibi.

Jumanne, 6 Oktoba

Wingu tangu asubuhi. Bwana anataka jua, picha ni za ukame. Amewaambia watu kupitia Mwalimu kwamba tuombe mvua isinyeshe. Mzee mmoja alimwambia Mwalimu kwamba akitaka aombe mwenyewe, kwa lugha yake, na taratibu.

Wazee wa kambi wamefika. Mzee Mihambo hajaniambia kitu. Amepita kama hanijui. Amekasirika bado, na ana haki.

Jumatano, 7 Oktoba

Jua limetoka. Nimekufa leo.

Kamba za kitanda zinauma mgongo. Shuka inanuka sabuni. Nilifumba macho nikasikia kina mama wanaanza, mmoja, kisha wote. Karibu na kichwa changu alikaa Bibi. Hakulia pamoja nao. Alikaa. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, na hakuita Mkiwa, wala hakuniita mimi. Aliita jina la Mama. Nilikaza meno. Maiti hapaswi kulia.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilisikia miguu. Kitanda kililalamika, mtu amekaa miguuni pangu, mzito.

"Huyu naye," akasema Mzee Mihambo. "Alipokuwa hai hakusema neno. Mmejuaje kwamba amekufa?"

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha nilisikia mtu mmoja, na alikuwa Bibi. Alicheka huku analia, kicheko cha kukwaruza kama mlango wa siku nyingi. Wengine wakafuata. Mashine ilinguruma bila kusimama.

Alhamisi, 8 Oktoba

Picha ya kurudi, sasa kama ilivyo katika insha yangu. Mawingu mazito, Bwana anahesabu mianya ya jua. Nilitoka bwawani nikiwa nimepakwa tope, nikapanda njia ya kijiji. Watu wakakimbia kama walivyoambiwa. Watoto walikimbia zaidi ya walivyoambiwa. Nikabaki peke yangu katikati ya uwanja, na Mzee Mihambo akaja, polepole, fimbo mkononi. Nilikuwa sijaandaa jibu. Usiku niliandika matano na yote yalikuwa mabaya.

Akasimama mbele yangu. Uso wake haukuwa na mchezo hata kidogo. "Mzigua. Hata kufa kumekushinda?"

Niliona vumbi kwenye nyusi zake. Niliona kwamba anangoja, na kwamba amengoja muda mrefu.

"Nilifika," nikasema. "Nikakukuta umekaa mlangoni unadoea samaki. Nikaona aibu kujuana na wewe, nikarudi."

Kisha alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Alicheka bila meno, kichwa nyuma, akishika mbavu. Bibi alikuwa anapiga kigelegele. Mpiga picha alikuwa ameinua kidole gumba hewani. Tone la kwanza la mvua lilinipiga begani kabla hawajazima mashine, na Bwana Garton, aliyetaka jua siku zote hizi, alisimama palepale akalowa.

Mzee Mihambo aliokota fimbo. Akanyoosha kidole kwa Bibi. "Huyu mzima," akamwambia. "Mchukue."

Jumatatu, 12 Oktoba. Korogwe.

Wameondoka. Bwana alinipa mkono. Mwalimu Elia amenipa kitabu cha sarufi ya Kiingereza chenye jalada gumu. Rehema ameniuliza kila kitu, nikamweleza kila kitu. Hakukasirika. Amesema kilichomkera ni sisimizi.

Mzee Mihambo amekuja saa ya chakula. Nimemwambia nyumba hii haina mfupa wa kumtosha. Shangazi ameangusha mwiko.

Jumanne, 9 Februari 1954

Mzee Mihambo amefariki. Kifua. Alikuwa hospitali ya kambi siku chache tu, na sisi tulidhani amekwenda kusalimia kwao.

Wazigua wa Korogwe wamekwenda wote, maana ni zamu yetu. Shangazi alilala kwenye mkeka wake na viatu, akasema leo na yeye anakula bure. Watu walicheka vizuri. Jamaa zake wachache walitushukuru.

Waliniangalia. Nilikuwa na maneno, mengi. Sikuweza. Nililia tu, kama mtu asiye mtani.

Jumamosi, 19 Juni 1954

Leo imeletwa sinema yetu. Shuka nyeupe ilifungwa uwanja wa mpira, gari nyuma, watu wamekaa chini mpaka kwenye goli. Bibi hakuja, anasema yeye aliiona ikitokea. Kwanza walionyesha namna ya kuchimba choo. Kisha Dude.

Ni fupi. Sauti zetu hazimo. Kuna filimbi, na Mzungu anaeleza kwa Kiingereza, na kijana mwenye kipaza sauti anatafsiri. Kwa mbali Mkiwa ni Rehema, kwa karibu ni mimi. Mtu mmoja nyuma yetu aliuliza mbona akikaribia anafupika. Rehema, aliyekaa kushoto kwangu, alicheka kuliko wote. Matanga yamebaki kidogo tu. Bibi anaonekana, kisha mgongo wa mzee anayekaa kitandani.

Kisha nikaja njiani na tope langu. Na yeye akaja na fimbo yake. Kijana wa kipaza sauti alisema, mzee wa kijiji anamkaribisha Mkiwa nyumbani. Watu wa kambi waliguna. Midomo yake ilisogea kwenye shuka. Najua ilichosema.

Bibi alinifundisha kwamba waliokufa hawacheki. Pale kwenye shuka alicheka, kichwa nyuma, bila meno, bila sauti. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Shangazi alinishika kifundo cha mkono.

Nilijibu. Si kwa kelele, lakini kwa sauti ya kusikika. Nilifika, nikakukuta umekaa mlangoni. Yote, mpaka mwisho. Walio mbele waligeuka kunitazama, na sikuinamisha kichwa. Mzee mmoja wa kambi alisema, "Haya, amesikia."

Tumerudi nyumbani. Shangazi alikuwa ameacha samaki wa nazi. Nimefunua chungu; kichwa kilikuwepo, hakuna aliyekigusa. Nimekila mimi, nimekaa kwenye mkeka, na viatu vyangu.